Ile Hapana ya Mama Yako

Mwanangu Neema,

Usicheke kwanza. Najua nimekuzidi miaka mitano tu, na najua mbele ya rafiki zako unaniita Riziki kana kwamba tunakaa dawati moja. Lakini kwetu mdogo wa mama ni mama, na mtoto wa dada yangu ni mwanangu, hata kama bado navaa sare ya shule na mitihani yangu ya mwisho iko mbele. Sijawahi kukuita hivyo kwa sababu naona haya. Leo nakuita, kwa kuwa ninalotaka kusema ni zito kidogo kutoka kwa mtu unayegombana naye juu ya chaja ya simu.

Sitaandika habari za soksi na dawa ya meno, wala namna ya kumwamkia bibi. Mama yako ameyasema hayo tangu asubuhi, akayarudia, na wewe ukaitikia huku unatazama simu. Mimi nina jambo moja.

Mchana, nilipokuwa nakusaidia kufunga begi, nilikuuliza kama unafurahia kwenda kukaa Wagga kwa bibi. Ukasema, "It's fine." Nikauliza kama utamkumbuka mama. Ukaikunja ile fulana ya njano, ukaikunjua, ukaikunja tena, halafu ukasema bila kuniangalia: "Mum hakutaka hata kujaribu. Alisema no mbele ya watu wote. Mara mbili. Mimi nilikuwepo."

Nikaendelea kupanga nguo. Unanijua, maneno yangu huja siku ya pili. Lakini safari hii haikuwa haya. Nilishtuka mpaka nikasahau mkononi nimeshika nini. Miezi yote hii tumekula meza moja na kulala chumba kimoja, nami nikidhani uliona nilichokiona mimi siku ile ya mkutano, ukumbini mwa shule yako. Kumbe sivyo. Kesho treni itasimama Campbelltown, utapanda, na utakwenda mbali ukiamini kwamba mama yako aliulizwa kama atakupigania akasema hapana. Nimekaa jikoni naandika ili usiende na hilo.

Nianze na chumba. Ulipoanza shule ile, nyuma ya uwanja wa mpira kulikuwa na shamba la farasi. Sasa kuna nyumba, zote za rangi ya mchanga, na kila wiki familia nyingine inateremsha magodoro. Madarasa yakajaa. Yakaletwa madarasa ya kubebwa na lori, yakapangwa mahali mlipokuwa mnaruka kamba, nayo yakajaa. Ndipo watu wakaanza kukitazama kile chumba cha nyuma ya maktaba, mlichokuwa mnafanyia kazi za shule kila siku baada ya kengele.

Wewe ulikiona chumba cha kawaida: meza, biskuti, mwalimu mstaafu wa hesabu, zulia lenye doa la rangi. Mama yako alikiona kwa namna nyingine. Zamu yake kule ghalani Wetherill Park huisha mchana, lakini kwa foleni za magari hafiki hapa Macquarie Fields kabla ya jioni. Mimi shule yangu iko mbali, nabadilisha treni njiani, na mwaka huu nina masomo ya ziada. Bibi alikwishahamia Wagga. Chumba kile ndicho kilichokuwa kinakaa na wewe.

Basi kiti kimoja cha mzazi katika baraza la shule kilikuwa wazi, na baraza ndilo lingemshauri mkuu wa shule kama chumba kibaki au kigeuzwe darasa. Mama yako hakusema anakitaka. Aliyesema ni Auntie Wanjiku, langoni, bado na sare yake ya unesi.

"Mama Neema, hii kiti ni yako. Ukikaa hapo watatusikia."

"Aa, mimi Kiingereza changu ni cha ghalani."

"Hicho cha ghalani ndicho kinalipa kodi ya nyumba. Wee simama."

Mama yako akacheka, akasema wako wengi wanaomzidi. Usiku ule alipiga pasi kitenge cha bluu ambacho hakuwa anakihitaji kesho yake. Hapo nilijua amekubali.

Jumamosi tulizunguka zile nyumba mpya, yeye mbele, mimi nyuma nikitafsiri, kitabu kwapani. Hakuwahi kumwambia mtu "nichague." Aliuliza watoto wanaitwa nani, akasifu maua, kisha akasema, "Watu wanasema nisimame. Mimi nawasikiliza tu." Baba mmoja aliyekuwa anamwagilia nyasi alizima bomba akaniuliza mimi, "Sasa huyu anagombea au hagombei?" Nikasema anagombea. Mama yako akataka kujua mtu yule amesema nini, nami nikamwambia amesema ukame umezidi.

Sasa nikueleze kitu ambacho wewe, kwa kuwa umekulia hapa, labda hukuwahi kuambiwa. Hujui mama yako alivyopata kuwa kiongozi wa kwaya kule kanisani Lidcombe, ulikuwa mdogo bado; hata mimi nilisimuliwa tu. Walitaja jina lake. Akasema hapana, wako wanaojua kuimba kuliko mimi. Watu wakacheka, wakasema, ndiyo maana tunakutaka wewe. Akasema hapana, nina mtoto mdogo. Wakasema, mtoto atabebwa. Mzee mmoja akaguna, "Mama, usituchoshe," ndipo akasimama, uso umefichwa na ncha ya kitenge, na vigelegele vikapasua ukumbi. Kwetu ndivyo inavyokwenda. Ukiulizwa mara ya kwanza unakataa. Hudanganyi mtu, na kila aliyepo anajua. Unawapa wenzako nafasi ya kuonyesha wanakutaka kiasi gani. Anayesema ndiyo papo hapo, watu humtazama mara mbili wakijiuliza ana njaa ya nini.

Siku ya mkutano ukumbi wa shule ulinuka soseji na dawa ya sakafu. Wewe ulikuwa nyuma na watoto wengine. Mama Josée, jirani yetu, alikuja na akina mama wa mtaa wetu, wote wamevaa kama wanakwenda harusini. Mwenyekiti alikuwa yule mzee Colin, mwenye soksi ndefu, mtu mpole. Auntie Wanjiku akalitaja jina la mama yako. Na unajua nani aliinua mkono kumuunga mkono? Yule baba wa nyasi. Nilipoona ule mkono nilihesabu vichwa, nikaona tunashinda.

Colin akamwita mama yako kwa jina lake: "Furaha, unakubali?"

Mama yako akasimama. Akakutanisha viganja, akainamisha macho, akasema kwa Kiingereza chake kizuri kuliko siku zote: "Hapana, hapana. Humu wamo wengi wanaonizidi."

Ilikuwa hapana nzuri sana, Neema. Ingekuwa Lidcombe, watu wangeguna kwa raha. Mama Josée, pembeni yangu, alitabasamu akaanza kujipanga vizuri ili asimame amsihi. Hakuharakisha. Mtu haharakishi, kwa sababu ukimrukia mwenzako ni kama hukusikia unyenyekevu wake. Akaweka mkoba chini. Akakaza kitenge. Na Colin akasema, "No worries, Furaha, asante sana," kwa tabasamu la kweli kabisa, akageuza ukurasa, akasoma jina la pili. Mwanamke wa zile nyumba mpya akasema ndiyo, kwa furaha. Watu wakapiga makofi.

Mama Josée alikuwa hata hajanyanyuka kwenye kiti. Akaniinamia.

"Amemaliza? Bazungu banauliza mara moya tu?"

"Ndiyo, Mama."

"Hata chai, mutu anauliza mara mbili."

Mama yako alikuwa bado amesimama, viganja vimekutana. Sijawahi kuona mtu akishtuka kimya namna ile. Alikuwa anangoja. Uso wake ulikuwa bado umetengenezwa kwa ajili ya swali la pili, na swali la pili halikuwa linakuja, na aliliona hilo kidogo kidogo, mbele ya watu wote.

Mimi nilijua, Neema. Hili ndilo linaloniuma. Nilipokuwa na umri kama wako, mwezi wangu wa tatu nchi hii, mwalimu wa maktaba aliniuliza kama ningependa kubaki baada ya shule kumsaidia kupanga vitabu. Hakuna kitu duniani nilichokuwa nakitaka kuliko hicho. Nikasema hapana, siwezi, wako wanaojua. Akasema sawa, akamuuliza msichana wa nyuma yangu. Nilikwenda chooni nikalia mpaka kengele. Kwa hiyo nilijua swali la hapa ni moja. Lakini haikunipitia kichwani kumwambia dada yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Ningeanzaje kumfundisha kujibu swali?

Basi nikasimama. Mimi, ambaye darasani naomba ruhusa kwa kuandika. Nikasema, kwa sauti ambayo sikuitambua, "Samahani. Anamaanisha ndiyo."

Ukumbi ukageuka. Colin, mpole yule yule, akavua miwani. "Ni kweli, Furaha? Ungependa kusimama?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la pili. Lilikuja. Na mama yako akanitazama mimi, si Colin, akasema, "Hapana. Asante."

Hiyo ndiyo mara ya pili uliyoisikia.

Nilikaa chini. Nilidhani nimefungua mlango, kumbe niliufunga kabisa.

Nje, kwenye maegesho, Auntie Wanjiku alikuwa na hasira za kuchekesha. "Mama Neema, nimekupigia debe mwezi mzima, halafu umekataa kama mtu anakataa sukari."

"Hakukataa," Mama Josée akasema. "Alijibu vizuri. Ni ule muzee hana adabu."

"Mzee ana adabu yake. Nyinyi Wakongo mtakosa mbingu mkingoja Petro awabembeleze mlangoni."

Wote wakacheka. Mama yako naye alicheka, lakini alikuwa wa kwanza kuacha.

Nyumbani nilimwomba radhi. Alikuwa anavua hereni mbele ya kioo. Akasema, "Ulinisimamisha kama mtoto anayeombewa ruhusa ya kwenda chooni."

Nikamwambia lakini nilisema kweli.

"Ulisema kweli," akasema. "Nilitaka waniite wao. Ningekubali kwa kuitwa na mdogo wangu, kesho ningewaambia nini kwenye hicho kiti, na nani angenisikiliza?"

Sikumwelewa. Nilimkasirikia wiki nzima. Niliwaza, kiburi gani hiki, chumba cha mtoto kinakwenda na yeye anafikiria heshima. Kwa hiyo usidhani mimi ni bora kuliko wewe. Nilimfikiria hayo hayo unayomfikiria, ila mimi nilikuwa na sababu ya kujua zaidi, kwa kuwa niliisikia hotuba.

Alikuwa na hotuba, Neema. Ilikuwa ya kusemwa baada ya kukubali. Aliifanyia mazoezi hapa jikoni, anakoroga majani ya sombe, na mimi nikimrekebisha. Wewe ulikuwa na vile visikio vyako vya simu masikioni. Alikuwa aseme hivi: "Jina langu ni Furaha. Napanga maboksi Wetherill Park. Binti yangu anakaa kwenye chumba kile mpaka nifike. Nikiwa kwenye foleni barabarani siogopi, kwa sababu najua amekaa na kitabu na kuna mtu mzima. Nawaomba msiniondolee hilo. Na kama darasa linahitajika, mimi na akina mama wenzangu tutakuja Jumamosi tusafishe ile stoo ya viti, ni kubwa, tumeipima." Walikuwa wameipima kweli, yeye na Mama Josée, kwa hatua, siku ya maonyesho ya shule, wakijifanya wanatafuta choo.

Hayo ndiyo yaliyobaki mdomoni mwake siku ile. Mtu asiyetaka kujaribu hapimi stoo.

Mwanamke aliyeshinda si mtu mbaya. Alikuwa na watoto wanaohitaji darasa, na darasa likapatikana. Chumba kilichukuliwa muhula ulipoisha, ukaanza kuja nyumbani peke yako na ufunguo shingoni. Halafu ikaja ile siku ya mvua, ufunguo ulipopotea, mama yako akakukuta kwenye ngazi umelowa, midomo imebadilika rangi, unafanya kazi ya sayansi juu ya goti. Wewe ulisema haikuwa kitu. Yeye alikuvua viatu, akakupa chai, akaingia bafuni, akampigia bibi simu. Alikuwa anaogopa kila kitu siku ile: homa, majirani, watu wa serikali wanaochukua watoto, na yeye mwenyewe.

Sasa Jumapili iliyopita. Alikuuliza mbele yangu, anamenya viazi. "Bibi anasema uende ukae naye, usome huko. Utaenda?" Ukasema, "Okay." Hata hukuinua macho. Ukatoka.

Mama yako alibaki na kiazi mkononi. Baadaye akaniambia, "Amekubali mara moja. Hata hakusita." Neema, alikuwa na uso ule ule wa ukumbini.

Nikamwambia, muulize tena.

Akasema, "Nisimuulize tena. Huyu ni mtoto wa hapa. Akisema ndiyo ni ndiyo. Nimekwisha kujifunza." Akanunua tiketi.

Nimekuwa nikiligeuza neno hilo tangu Jumapili, na leo mchana, uliposema yale ukikunja ile fulana, ndipo nikaona kilichotokea nyumbani humu, nikashindwa kukaa. Alikuuliza kwa desturi yetu, akitumaini utakataa. Ulijibu kwa desturi ya hapa, ukidhani ameshaamua. Halafu yeye, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akalichukua jibu la kwanza. Alijifunza somo lile ukumbini kwa aibu, na mtu wa kwanza aliyelitumia kwake ni wewe.

Labda nakosea. Labda unataka kwenda kweli. Bibi anakungoja, Wagga kuna shule nzuri, na huko utakuwa na chumba chako bila mimi kuwasha taa nisome. Ukitaka kwenda, nenda, nami nitakubebea begi. Sitakuambia desturi ipi ni sahihi, maana sijui. Nimepoteza vitu kwa zote mbili. Najua tu kwamba ukimjibu mtu anayekupenda, ni vizuri ujue kwanza anakuuliza kwa lugha ya wapi, hata kama maneno yote ni ya Kiswahili.

Kitu kimoja zaidi, halafu nitaacha. Mwezi uliopita Auntie Wanjiku alimwambia mama yako ukae kwake baada ya shule, kwa kuwa anafanya zamu ya usiku na mchana yuko nyumbani. Mama yako akasema hapana, hatutaki kukusumbua. Auntie Wanjiku akasema haya. Leo, ulipokuwa umeingia kuoga, nilivaa viatu nikaenda kwake. Nilikaa mlangoni muda mrefu kabla ya kubisha, unajua nilivyo. Alifungua na kilemba cha kulalia. Nikamuuliza kama lile neno bado lipo.

"Kwani lilikuwa limeenda wapi?" akasema. "Si ni dada yako alikataa? Mimi nikadhani hapendi chapati zangu. Mwambie huyo mtoto akuje."

Kwa hiyo mahali papo. Tiketi inaweza kurudishwa, na hata isiporudishwa, sio kitu.

Nimesikia watu wakisema barua za namna hii huwekwa ndani ya begi, katikati ya nguo, ili mtoto azikute akiwa amefika na analia kidogo. Hii siiweki huko. Naiweka ndani ya kiatu chako cha kulia, kwa sababu huwezi kutoka nyumbani bila kuiona, na mama yako huamka kabla yako kupika uji. Atakuwa amesimama pale pale kwenye jiko, ameupa mlango mgongo. Hatakuuliza tena, ameapa. Mwambie wewe unachotaka kweli.

Mama yako mdogo,
Riziki